AA, kundi la kanisa, kliniki ama Zoom: ukitaka kuwacha pombe Nakuru, Kisumu ama Western uanzie wapi?

Ukiniuliza kundi gani ni poa kwa mtu anataka kuwacha pombe, mi nitakuuliza kwanza wewe hulewa saa ngapi. Sio utani. Watu hulinganisha haya makundi kwa mafundisho, ooh AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuwacha) iko na hatua kumi na mbili, ooh kanisa liko na maombi, alafu mwisho wanachagua kitu kinakutana Jumamosi saa nne asubuhi na shida yao ni Ijumaa saa moja usiku wakitoka kazi na mshahara umeingia kwa simu. Ile sheria ya 2010, ile tunaita ya Mututho, jina la mbunge aliyeileta, inasema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, sasa piga hesabu, mkutano wa saa saba mchana Jumatano ukiisha saa nane unakurudisha kwa barabara masaa matatu kabla milango ifunguliwe (na kwa chang'aa hakuna milango, hiyo inauzwa hata alfajiri). Kundi lenye linafaa ni lile linakushika ile saa miguu yako inajua njia yenyewe. Mafundisho utayazoea ukiwa ndani.

Kwa hivyo nimepanga hapa njia nne zenye mtu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma na pande hizo anaweza fikia bila kuuza ng'ombe: AA ya kukaa kwa viti, kundi la kanisa, kundi la kliniki ama rehabu, na ya onlaini. Mi ni mtu wa AA so jua hapo naweza egemea kidogo, lakini nimekaa kwa hizo zingine pia na kuna mahali zinatushinda wazi wazi.

Kabla ya yote, hii usiruke

Kama unakunywa kila siku, na hasa kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kutoa loki, usikate ghafla ukiwa peke yako kwa nyumba ukingoja mkutano wa Jumanne. Pombe ni kati ya vitu vichache ambavyo kuviwacha ghafla kunaweza kuua mtu. Kutetemeka na jasho huanza masaa machache tu baada ya glasi ya mwisho, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne hivi ndio mwingine huanza kuona watu hawako, moyo unakimbia, mwili unawaka moto, hajui ako wapi. Watu wa nyumbani husema amerogwa ama ni mapepo, wanamfungia chumbani waombe. Hapana, huyo ni wa hospitali, usiku huo huo. Nakuru ni ile hospitali ya rufaa ya kaunti tuliyozoea kuita PGH, Kisumu ni Jaramogi, ile wazee bado huita Russia, Kakamega kuna ya kaunti, Eldoret ni Moi. Watakupa dawa ya kukushusha pole pole na vitamini B1, ambayo inalinda ubongo. Ukishatulia ndio tuongee habari ya makundi. Hakuna kundi hata moja kati ya haya manne, hata letu, linaweza kukutoa kwa kifafa.

AA

Mtu hawezi linganisha kitu hajaona ndani so wacha nikuonyeshe. Chumba ni cha kawaida, mara nyingi ni cha kuazima, viti vya plastiki vimepangwa mviringo ama mistari miwili, kwa meza kuna flaski ya chai na vikombe havifanani. Mtu mmoja anaongoza, si bosi, zamu inazunguka. Wanaanza kwa kukaa kimya kidogo na ile sala fupi ya kuomba utulivu wa kukubali yale siwezi badilisha, alafu kuna mtu anasoma hatua kumi na mbili kutoka kwa karatasi imeshikwa mpaka kona zimekunjika. Kisha watu wanaongea mmoja mmoja, naitwa fulani na mimi ni mlevi, na wote wanajibu karibu fulani. Anaongea dakika zake, anamaliza, hakuna mtu anamjibu, hakuna anamshauri, anaongea anayefuata. Hapo ndio wageni huchanganyikiwa, unamwaga roho yako alafu kimya, mwingine anaendelea na ya kwake kuhusu landilodi. Lakini baadaye unaelewa ndio maana watu wanaongea ukweli, juu hakuna wakili wala hakimu hapo.

Kuna kijana mmoja wa boda aliingia akiwa na riflekta bado, helmeti kwa magoti, akakaa karibu na mlango kabisa kama mtu amewacha pikipiki haijazimwa. Mama mmoja wa makamo ndiye alimwendea.

"Karibu mwanangu, chai ni hiyo hapo. Si lazima useme kitu."

"Asante mama. Mi nimekuja tu kuangalia."

"Angalia tu. Hata mimi nilikuja kuangalia."

Hakuandikwa jina. Hakuna fomu. Kikapu kikapita, mama akamwambia wageni hawaweki. Hiyo nayo si ukarimu tu, ni utaratibu wao, AA inajilipia yenyewe kwa kile wanachama wanatoa na inakataa pesa za nje, iwe za serikali, mwanasiasa ama NGO, ndio sababu hutaona bango la mheshimiwa kwa ukuta. Ilianzishwa 1935 huko Akron, Ohio, na walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, na sharti la kuingia ni moja tu mpaka leo, uwe na nia ya kuwacha kunywa. Huulizwi dini, kabila, kazi, wala kama ulikunywa jana.

Swala la Mungu huleta maneno kila saa. Hatua zinamtaja, ndio, lakini zinasema Mungu vile wewe unamwelewa, na nimekaa kwa mkutano mmoja na Mwislamu, Mkatoliki na jamaa anasema Mungu wake ni hao watu kwa chumba. Kazi yenyewe ngumu iko kwa hatua ya nne na ya tano, kuandika makosa yako yote kwa karatasi na kuyasoma mbele ya mtu mwingine, na ya nane na tisa, kuandika wale umewakosea na kuenda kulipa, isipokuwa pale kulipa kutaumiza mtu zaidi. Huyo mtu wa kukushika mkono kwa hizo hatua ndio sponsa. Sponsa si kaunsela, si daktari, hajasomea, ni mlevi amekutangulia na anashika simu usiku. Akikuambia uwache dawa za akili daktari alikuandikia, mwambie asante na uendelee kumeza, juu msimamo wa AA yenyewe ni kwamba mwanachama asijifanye daktari.

Ubaya wake huku kwetu? Ni chache. Nairobi mtu anaweza chagua mkutano karibu kila siku, lakini Nakuru na Kisumu siku ni za kuhesabu, na ukitoka mjini uende Njoro, Ahero ama Luanda ni wewe na fea. Ratiba inabadilika, chumba kinachukuliwa, watu wanahama kimya kimya, so usitoke Molo hadi Nakuru kwa kuamini ratiba ya mwaka jana, piga simu kwanza. Lugha pia, mikutano ya mjini mara nyingi ni Kiingereza kimechanganywa na Kiswahili, vitabu vinasomwa kwa Kiingereza, na mzee amezoea kuongea Kiluhya ama Dholuo anaweza kaa saa nzima akihisi ameingia kwa interview. Alafu uliza kama mkutano ni wa wazi ama wa kufungwa. Wa wazi hata dada yako anaweza kukusindikiza akae, wa kufungwa ni wa wenye shida pekee.

Kundi la kanisa

Hapa AA inashindwa kwa umbali, na si kidogo. Kanisa liko kila kijiji. Western hasa kuna makanisa pombe ni mwiko tangu zamani, Quakers walifika Kaimosi 1902, Jeshi la Wokovu, wasabato wamejaa Nyanza nzima, kwa hivyo mtu akiingia huko anapata jamii nzima ya watu hawanywi, harusi bila bia, wikendi zimejaa kwaya na mikutano. Wakatoliki nao wako na wale Pioneer, chama kilichoanzishwa Dublin 1898, unaona mtu amevaa ile pini ndogo ya Moyo Mtakatifu, huyo ameahidi hatagusa pombe na anasali sala yake kila siku kwa ajili ya wanaokunywa. Pini hiyo hufanya kazi moja nzuri sana, inakujibia. Mtu akiona pini kwa koti hakusukumii glasi.

Na kuna kitu kundi la kanisa linaweza na AA ya mjini haiwezi, matanga. Mlevi wa huku wengi huanguka matangani, si baa. Unaenda kwenu Vihiga kuzika shangazi, siku tatu, usiku mrefu, busaa iko nyuma ya nyumba kwa mtungi na mirija, binamu wote wako hapo na ukikataa unaulizwa kama umekuwa mzungu. Bungoma nayo kuna msimu wa tohara, Agosti ya miaka kama 2024 na 2026, mwezi mzima ni ngoma na busaa ni sehemu ya shughuli yenyewe, si starehe tu. Sponsa wako ako Nakuru, simu haina netwaki. Lakini kikundi cha wanaume wa kanisa hapo kijijini wamekuja hio matanga hio hio, wanaimba, wana chai yao, unakaa upande wao wa hema. Hakuna mtu anashangaa. Kama mwaka wako uko na safari nyingi za nyumbani hii peke yake inatosha kukufanya uweke kundi la kanisa kwa orodha.

Lakini sasa upande wa pili. Siri hakuna. Ukianguka, na watu wengi huanguka angalau mara moja kabla wasimame, kwa AA unarudi unasema nilikunywa Jumapili na wanasema karibu tena, lakini kwa makanisa mengine hiyo inakuwa dhambi ya kutangazwa, unaondolewa kwa kwaya, unaambiwa utubu mbele ya washirika, na mtu anaona heri asirudi kabisa kuliko arudi hivyo. Pia kuna ile ya kuombewa mara moja na kuhesabiwa umepona, unapewa maiki utoe ushuhuda wiki ya pili wakati mwili bado unadai. Mimi ningeuliza swali moja tu kabla nijiunge, nimuulize mwenyekiti wa kundi, je, kuna mtu hapa alianguka akarudi, na ako wapi saa hii? Akikuonyesha mtu, ingia. Akikuambia hapa hakuna anayeanguka, tafuta kwingine.

Nikumbushe tu, kuna makanisa ya mjini yanaendesha kundi kwa mfumo wa hatua, na yale ya kuazimisha AA chumba tu. Hayo ya mwisho si kundi la kanisa. AA kukutana kwa holi ya Wakatoliki haifanyi iwe ya Wakatoliki, usikatae kuenda juu ya jina la geti.

Kliniki na rehabu

Hii ndio watu hawajui iko. Wanajua rehabu ya kulala, ile ya miezi mitatu, ambayo bei yake ni makumi ya maelfu kwa mwezi na familia inachangisha kama harusi. Lakini kliniki ya akili kwa hospitali kubwa za rufaa huona watu wa pombe wakitoka nyumbani na kurudi, na kwingine kuna vikao vya kikundi na kaunsela. Tofauti yake na AA ni kwamba hapa kuna mtu amesomea anaongoza, anakatiza, anauliza, anakupa kazi ya kufanya nyumbani. Kama pombe yako imefuatana na kitu kingine, unyogovu, kukosa usingizi miezi, sauti, mawazo ya kujiua, basi hii ndio nambari moja na hizo zingine zifuate.

Eldoret wamefanya kitu kizuri sana hapo, watafiti wakishirikiana na AMPATH, ule mpango wa kutibu HIV ulio na hospitali ya Moi, walichukua vikao vya kubadilisha fikra na tabia, wakavitengeneza kwa Kiswahili, vikao sita vya kila wiki kwa kikundi, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, si madaktari, kwa wagonjwa wa HIV waliokuwa wanakunywa. Majaribio makubwa yalichapishwa 2021, watu 614, na waliopitia vikao walipunguza kunywa kuliko wenzao waliopewa elimu ya afya ya kawaida. Nalitaja kwa sababu watu husema kaunseling ni ya wazungu na matajiri, kumbe ilifanyika hapo Uasin Gishu, kwa Kiswahili, na watu wanakunywa busaa na chang'aa kama sisi.

Ubaya ni saa. Kliniki ni asubuhi siku ya kazi, unapiga laini, unangoja faili, mkubwa wa kazi anaanza kuuliza. Kuna ada ya kadi, na habari ya SHA, bima ya afya ya serikali, uulize dirishani mapema kabla hujapewa bili. Tena vikao huisha, sita ama kumi na mbili alafu umemaliza, na pombe haijui umemaliza. Rehabu za kulala nyingi huwa na kikundi cha wale waliotoka, wanarudi wikendi, hicho ni kizuri sana lakini kwa kawaida ni cha waliopitia hapo. Ukienda kuangalia rehabu yoyote uliza kibali cha NACADA, ile mamlaka ya serikali ya mambo ya pombe na madawa, kikiwa kwa ukuta na usome tarehe. Nilikutana na mahali Rift Valley, sitataja, walikuwa wamefunga watu mlango kwa kufuli na kuita hiyo matibabu, kaunsela hakuna, ratiba hakuna, ni shamba tu na maombi na bili.

Onlaini

Ukiwa Siaya ndani ama Mt. Elgon na unataka mkutano leo usiku, hii ndio inabaki. Intagrupu ya onlaini ya AA, yaani ofisi inayounganisha makundi yao ya mtandaoni, iko na orodha ya mikutano saa 24, unabonyeza unaingia, video unaweza zima, jina unaweza andika herufi moja. SMART Recovery nayo, ilianza Marekani 1994, haina mambo ya Mungu wala kujiita mlevi, inatumia vifaa vya kisaikolojia. Kimoja nakipenda mpaka mimi wa AA nakitumia: chukua karatasi uigawanye mara nne, kunywa kunanipa nini, kunanitoa nini, kuwacha kutanipa nini, kutanitoa nini. Usidanganye kwa ile ya kwanza. Andika kabisa kunanipa marafiki, kunanipa usingizi, kunanifanya niongee na wanawake. Mtu akishaona hiyo kwa maandishi yake ndio anajua anahitaji kupata wapi hivyo vitu bila chupa.

Sasa masaa. Hapa ndio watu wa huku huchoka wanasema onlaini haifai, kumbe wanaingia saa mbaya. Mkutano wa saa mbili usiku New York kwetu ni saa tisa ama kumi alfajiri. Tafuta ya mchana wao, saa sita adhuhuri ya New York inaangukia saa moja ama saa mbili usiku hapa kutegemea msimu wao, na saa kumi na moja jioni ya London vile vile. Hiyo ni saa yetu kabisa. Ya Afrika Kusini ni rahisi zaidi, tofauti ni saa moja tu.

Shida yake, wengi ni wazungu na wanaongea kwa kasi, bando inaisha katikati ya mtu analia, na kwa nyumba ya chumba kimoja Kaptembwo ama Manyatta ukiwa na bibi na watoto hakuna mahali pa kusema mimi ni mlevi kwa sauti. Earphone zinakusaidia kusikia, hazikusaidii kuongea. Na hakuna mtu wa kukuona. Unaweza kuwa kwa Zoom na glasi iko kando. Kwa hivyo kwangu onlaini ni ya kuziba siku zenye hakuna mkutano wa viti, si ya kusimama peke yake, isipokuwa kama kweli uko mbali ama kazi yako ukionekana itaisha, walimu na polisi na wahudumu wa afya mnanielewa.

Ukweli wa utafiti

Mwaka 2020 Cochrane, shirika la kuchambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000 na kuona kwamba programu za kumpeleka mtu kwa AA kwa mpango zilifanya vizuri kama hizo tiba zingine ama kuzishinda kidogo ukipima nani amebaki bila pombe kabisa. Watu wa AA wenzangu hupenda kuitaja hii kama kombe. Soma vizuri lakini, nyingi za hizo ni za Marekani, na zile zilizong'aa ni zile kaunsela alimshika mtu mkono, akampigia mwanachama wa AA simu akiwa hapo kwa ofisi, wiki iliyofuata akamuuliza ulienda? Si mtu kupewa karatasi ya anwani aende mwenyewe. Kwa hivyo hata huo ushahidi unasema kliniki na AA zikiwa pamoja, na kama kaunsela wako ako tayari kupiga hiyo simu umepata dhahabu.

Na kama ni mwanamke

Ni ngumu zaidi, tusidanganyane. Mwanaume mlevi anaitwa mlevi, mwanamke anaitwa majina. Mikutano mingi ya huku ni wanaume, unaweza kuta uko peke yako ama mko wawili. Kuna desturi kwa AA kwamba sponsa wa mwanamke ni mwanamke, ishikilie hata kama itabidi sponsa awe wa kwa simu ako Nairobi, na jamaa anayekuja mbio kukusindikiza nyumbani mkutano wako wa kwanza, dada, mwambie umekuja na mtu. Onlaini hapa inaweza ikawa ya kwanza badala ya mwisho, kuna mikutano ya wanawake pekee kila siku. Kanisani chama cha kina mama kinaweza kukubeba vizuri ama kikakumaliza, inategemea mwenyekiti. Na yule anayepika chang'aa ndio alipe skuli fees na anakunywa akionja, huyo hakuna kundi kati ya haya limemfikiria vya kutosha, anahitaji kazi nyingine pamoja na mkutano.

Wewe wa familia unayesoma hii kwa niaba ya mtu, kuna Al-Anon, ilianza 1951, ni ya bibi, bwana, mzazi, mtoto wa mlevi, na unaenda hata kama yeye amekataa kwenda kwake. Huku ni chache kwa viti lakini onlaini zipo. Na tafadhali ile dawa ya kufanya mtu atapike akinywa usimwekee kwa ugali kisiri. Mtu akinywa juu yake bila kujua presha inaweza kuanguka, moyo ukaharibika, umekuwa muuaji ukitaka kusaidia. Inamezwa na mtu anayejua anameza nini, chini ya daktari.

Mi ningepanga hivi

Ukiwa Nakuru mjini ama Kisumu mjini na unafanya kazi ya mchana, anza AA ya jioni yenye unafika kwa miguu ama matatu moja, uende kadhaa kabla ya kusema haikufai juu ya kwanza kila mtu huichukia, na siku zingine ujaze na Zoom. Kama unatetemeka ama uko na mawazo mabaya, hospitali kwanza halafu uombe kaunsela akuunganishe. Kijijini Western, kanisa lenye limejibu lile swali langu vizuri, pamoja na onlaini mara moja kwa wiki ili usikie watu wanaanguka na kurudi. Utafiti wa NACADA wa 2022 uliweka Western juu ya nchi nzima kwa unywaji, kwa hivyo hauko peke yako hapo hata kidogo, ni vile kila mtu anajificha kivyake.

Kutafuta ni simu. NACADA ni 1192, haulipi, waambie uko kaunti gani na uulize rehabu na kaunsela walio karibu. AA Kenya itafute kwa intaneti, utapata ratiba na nambari ya kupiga. Ukipiga usiulize tu mko wapi, uliza mkutano unaanza saa ngapi kamili, lugha gani, wa wazi ama wa kufungwa, kuna wanawake wangapi kwa kawaida, ni geti gani na kuna askari atakayeniuliza naenda wapi, juu watu wamerudi nyumbani kwa sababu tu walishindwa kumjibu askari. Uliza pia kama kuna mtu anaweza kukungoja stejini. Mara nyingi yuko.

Na ukikosa kabisa, Busia, Malava, Webuye, hakuna kitu, basi kwa utaratibu wa AA walevi wawili ama watatu wakikutana kwa ajili ya kukaa bila pombe wanaweza kujiita kundi la AA, bora wasiwe chini ya kitu kingine. Mwenzako wa pili unampata kliniki, kwa padri, ama ni yule mlikuwa mnakunywa naye amenyamaza siku hizi. Omba chumba cha shule ama kanisa siku moja ya wiki, na mlipe kitu, hata kama ni mia mbili ya stima, ili kusitokee mtu wa kuwaambia hapa ni kwake. Chagueni Ijumaa jioni.